Sura ya Saba: Jirani wa Gunia

Shemeji yangu aliponipigia simu, kahawa yake ilikuwa imebakiza siku tisa kufika Antwerp, na hakuwa na pa kuiweka. Vingine vyote alikuwa navyo: hati ya shehena, cheti cha afya ya mimea, wateja watatu wenye vikaangio vyao Ghent na Brussels, hata nembo iliyochorwa na binti yake. Magunia 320 ya arabika ya Mbozi, kilo 60 kila gunia, ndani ya kontena moja la futi 20. Kuhusu ghala alikuwa amejiambia kwamba mji wenye bandari kubwa namna ile hauwezi kukosa kibanda.

"Shem," akaniambia, "nimepata sehemu. Bei yake nusu ya wengine. Kuna matairi upande mmoja, lakini nafasi ni kubwa."

Nikamwambia asitie saini chochote mpaka nifike. Wakati huo nilikuwa nikiishi Rotterdam, si mbali kwa treni, na kesho yake asubuhi tulikuwa tumesimama pamoja mbele ya matairi.

Lazima niseme ghala lile lilikuwa safi kuliko jiko langu. Sakafu ya zege imefagiwa, taa zinawaka, kamera kila kona. Kijana aliyetutembeza alituonyesha upande wetu na kutuuliza tunahitaji mita ngapi za mraba. Nilivuta pumzi, nikaonja mpira kooni. Ghala la pili lilikuwa la viungo: bizari nyembamba, pilipili manga, na karafuu ambazo harufu yake kwangu ni ya nyumbani. Nusura nimshauri shemeji achukue pale kwa mapenzi tu. Katika ghala la tatu tulipokewa na mzee aliyevaa koti la bluu la kazi. Hakuuliza mita wala magunia. Aliuliza kontena letu lilibeba nini safari iliyotangulia.

Shemeji akanitazama. Mimi nikatazama sakafu. Hatukuwa na jibu.

Ili swali la mzee lieleweke, inabidi turudi nyuma kidogo. Msomaji wa Moshi au Bukoba anajua kwamba kahawa hubadili jina kila inapobadili hali. Mtini ni buni. Ile ya kuoshwa ikishamenywa, ikachachushwa, ikasafishwa na kuanikwa, hubaki ndani ya ganda jembamba gumu. Ikipita kiwandani na kukobolewa, ndipo inaitwa kahawa safi: punje za kijani chenye ukijivu, ngumu, ambazo kwa mtu asiyezijua hazifanani na kahawa wala hazinukii kahawa. Zinanukia majani makavu na gunia. Ganda lile lilikuwa nguo yake. Mashine ya kukoboa huivua nguo, na kuanzia hapo punje inaishi uchi mpaka siku inapoingia kwenye moto wa mkaangaji. Siku hiyo inaweza kuwa mbali kwa miezi sita, hata mwaka.

Na punje iliyo uchi ina pua. Sehemu kama ya sita au ya saba ya uzito wa arabika ni mafuta, na mafuta hushika harufu. Umbile lake lina vijitundu visivyohesabika, na vijitundu hushika unyevu. Tia kahawa safi chumba kimoja na pilipili manga, na baada ya muda utakunywa kahawa yenye pilipili bila kutia hata chembe. Mpira, rangi, mbolea, sabuni, ngozi, samaki: hakuna kinachopita bila kuacha salamu. Kontena ni ghala pia, ghala linalotembea, na mbao za sakafu yake hukumbuka kila kilichomwagika juu yake. Ndiyo maana ya swali la mzee.

Unyevu ni jambo lenye hesabu, na hesabu yake inashangaza. Kahawa ya kusafirishwa huwa na maji kiasi cha asilimia 10 hadi 12 ya uzito wake. Shirika la Kimataifa la Kahawa limeweka ukomo wa 12.5. Chukua asilimia 11. Kontena la shemeji lilikuwa na tani 19.2 za kahawa, yaani kilo 2,112 za maji zimejificha ndani ya punje kavu. Maji hayo hayatulii. Kontena likitoka kwenye joto la Dar es Salaam na kuingia kwenye baridi ya kaskazini, paa la chuma hupoa kabla ya magunia, mvuke unaotoka kwenye punje hugeuka matone juu ya bati, na mvua inanyesha ndani ya sanduku lililofungwa. Ndiyo sababu wapakiaji wenye akili hutandaza karatasi nene za kaki au maboksi kwenye kuta na dari, na kuning'iniza mifuko ya chumvi zinazokunywa maji. Mwaka ule wa 2024 hofu ilikuwa kubwa zaidi, kwa kuwa meli nyingi zilikuwa zimeikimbia Bahari ya Shamu na mashambulizi yake, zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema na kuongeza siku kumi au kumi na nne baharini.

Gunia lililolowa huota ukungu, na baadhi ya ukungu hutengeneza sumu iitwayo okratoksini A. Kahawa iliyokaangwa inayouzwa Umoja wa Ulaya, tangu 2023, hairuhusiwi kuwa na zaidi ya mikrogramu 3 za sumu hiyo kwa kilo. Hiyo ni gramu tatu katika tani elfu moja. Kontena zaidi ya hamsini kama la shemeji zikikusanywa pamoja, sumu inayoruhusiwa ndani ya zote ingekaa kwenye kijiko cha chai.

Ghala zuri, basi, ni lile lisilofanya lolote. Hewa yenye unyevu wa kama asilimia 60, joto lisilopanda na kushuka ovyo, giza la kutosha, magunia yamepangwa juu ya chaga na kuachiwa nafasi ya mtu kupita kati yake na ukuta. Nilidhani adui wa ghala la Antwerp ni baridi ya Januari. Mzee alinisahihisha. Wakati wa baridi kahawa hulala salama. Mdudu wa ghalani anayetoboa punje, yule mbawakavu mdogo anayenenepa kwenye joto letu, hupoteza nguvu. Siku mbaya ni siku ya kwanza yenye joto mwezi wa Aprili, pale vijana wanapofungua milango yote kwa furaha. Hewa ya nje ina joto na unyevu, magunia bado yana baridi ya miezi mitatu, na punje zinatoka jasho kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Siku hiyo milango yake hufungwa.

Turudi kwa majirani, maana wa hatari kuliko wote hana harufu yake mwenyewe. Ni ubao wa chaga. Zamani mbao nyingi zilitiwa dawa zenye klorini kuzuia kuoza. Ukungu fulani ukikutana na dawa hizo huzigeuza kuwa kemikali ambayo pua ya binadamu huitambua hata ikiwa sehemu chache katika trilioni. Wanywaji wa mvinyo huijua kwa kizibo kibovu. Waonjaji wa kahawa huijua kama ladha ya Rio, kitu kati ya dawa ya hospitali na stoo yenye uvundo. Chaga moja tu inatosha kuharibu magunia yaliyo juu yake, na hakuna mashine ya kuyaosha. Kwa hiyo mnunuzi anayejua kazi huinama kutazama muhuri uliochomwa kwenye mbao: herufi HT maana yake ubao ulitibiwa kwa joto, MB maana yake ulifukizwa kwa methili bromidi, gesi ambayo Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mwaka 2010. Nilimwona shemeji, mtu mzima mwenye kitambi na suti, akipiga magoti mara tatu siku ile.

Hata gunia lenyewe ni jirani. Nyuzi za juti hulainishwa kwa mafuta kabla ya kusokotwa, na kwa miaka mingi mafuta hayo yalikuwa ya petroli. Kahawa iliyakunywa. Mwaka 1998 Shirika la Kimataifa la Juti lilitoa kiwango cha magunia ya chakula yanayolainishwa kwa mafuta ya mimea, na leo mikataba mingi huyataja magunia hayo. Wahabeshi walikuja kuonja uchungu wa gunia mwaka 2008: Japani, mmoja wa wanunuzi wao wakubwa, ilikuta mabaki ya dawa za wadudu kwenye kahawa ya Ethiopia, biashara ikakwama, na kidole cha kwanza kikaelekezwa kwenye magunia badala ya mashamba. Sasa wengi hutia kahawa bora ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa kabla ya kuiweka kwenye gunia. Gunia limebaki la kubebea na la kuandikia jina.

Wahindi waliamua kulifanya kosa hili kuwa biashara. Enzi za matanga, kahawa ya Malabar ilikaa miezi baharini ikinyonya unyevu, ikafika Ulaya imevimba, imekuwa ya njano, na Wazungu wakaizoea hivyo. Meli za mvuke zilipofupisha safari, wateja wakalalamika kwamba ladha imepotea. Basi hadi leo kwenye pwani ya magharibi ya India kuna maghala yaliyoachwa wazi upande wa bahari, kahawa imetandazwa sakafuni, na pepo za msimu zinaingia kuilowesha kwa makusudi. Ni ndugu za pepo zilizokuwa zikileta na kurudisha majahazi yetu. Binafsi kahawa hiyo siipendi, lakini naheshimu ujasiri wa kuuza uvundo kwa jina la asili.

Antwerp haikuanza jana. Hutajwa kuwa bandari inayohifadhi kahawa nyingi kuliko nyingine yoyote duniani, na ukizungukazunguka maghala yake utakutana na neno geni kwenye mabango: natie. Zamani walikuwa vyama vya makuli na wachukuzi, watu waliokabidhiwa mzigo kutoka gatini hadi mlangoni kwa mfanyabiashara. Kila kikundi kilikuwa na mzigo wake na farasi wake. Baadhi yao wamegeuka makampuni makubwa bila kuacha jina. Katoen Natie, ambayo maana yake ni natie ya pamba, ilianza mwaka 1854. Hamburg nako walikuwapo watunza ghala walioitwa Quartiersleute. Kwa desturi walishirikiana wanne wanne, na kampuni ikachukua jina la mmoja wao tu, wengine watatu wakibanwa ndani ya neno moja la "na wenzake". Mfanyabiashara hakuhitaji kufika ghalani. Aliwaamini hao wanne kupima, kuchukua sampuli, kupanga na kunyamaza.

Hamburg iliwajengea mji mzima. Ilipokubali kuingia katika umoja wa forodha wa Ujerumani, ilibakiziwa eneo huru ambako bidhaa zingekaa bila ushuru, na ndani yake, kuanzia 1883, ikajenga Speicherstadt: safu za maghala ya matofali mekundu juu ya nguzo zilizokitwa kwenye tope, mfereji upande mmoja na barabara upande mwingine, na magunia yakipandishwa kwa kapi kutoka kwenye mashua. Mfalme Wilhelm wa Pili alifika kuyafungua mwaka 1888. Watu wapatao elfu ishirini walihamishwa ili kahawa, chai, kakao na viungo vipate makazi. Vitabu vya watalii hutaja hilo kwa sentensi moja. Leo maghala hayo ni urithi wa dunia wa UNESCO, tangu 2015, na ndani yake kuna makumbusho na ofisi. Gunia lenyewe limehamia kwenye majengo mapana ya ghorofa moja ambako foklifti inapita, na robusta ya viwandani haijui tena hata gunia. Humwagwa moja kwa moja kwenye vihenge virefu, kama mahindi.

Shemeji alipopelekewa orodha ya gharama na mzee, alidhani ameibiwa. Alitegemea kodi ya mwezi, akakuta mistari tisa. Kutoa magunia kwenye kontena. Kuyapima. Kuyapanga kwenye chaga. Kuchukua sampuli. Kodi ya mwezi kwa kila tani. Bima. Kutoa mzigo siku ya kuuza. Karatasi za forodha. Kufunga upya magunia yaliyopasuka. Nilimwambia aiache kodi kwanza asome mistari mingine, kwa kuwa mwenye ghala anaweza kukupa kodi ya chini akajilipa mlangoni, wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Kwa muuzaji mdogo, anayetoa magunia matano leo na manane wiki ijayo, mlango ndio unaokula faida. Yule wa matairi, mwenye bei nusu, hakuwa na mizani ya magunia wala mtu wa kuchukua sampuli.

Kuchukua sampuli kunaonekana jambo dogo mpaka siku ya ugomvi. Chombo chake ni bambo, bomba la chuma lenye ncha lililochongwa mgongoni, lilelile analotumia mnunuzi wa mchele Kariakoo. Unalichoma kwenye gunia, punje zinateremka kiganjani, nyuzi za juti zinajifunga zenyewe. Kahawa iliyo ndani ya mfuko wa plastiki haipendi bambo, maana tundu halijifungi; kila ukichoma, umevunja ulinzi ulioulipia. Mizani nayo ina sheria zake. Mkataba wa kawaida wa kahawa wa Ulaya huvumilia upungufu wa uzito wa nusu asilimia. Kwa kontena la shemeji ni kilo 96. Kinachozidi hapo ni deni la muuzaji. Lakini utamdai vipi kama uzito wa kufikia haukuandikwa na mtu asiye na upande?

Ushuru haukuwa tatizo. Kahawa mbichi huingia Umoja wa Ulaya kwa ushuru wa sifuri popote itokapo, na kodi ya ongezeko la thamani huweza kusubiri mzigo ukiwa kwenye ghala la forodha. Kuna nchi ambako kusubiri huko ni kila kitu. Mwaka 2025 Marekani ilipoweka ushuru wa asilimia 50 juu ya bidhaa nyingi za Brazil, waagizaji waliokuwa na kahawa njiani walikimbilia maghala ya forodha. Ndani ya kuta zile kahawa ipo Marekani kwa macho, ila kisheria bado haijaingia. Inaweza kukaa hadi miaka mitano, na ushuru unaolipwa ni wa siku ya kutoka. Novemba mwaka huohuo kahawa ilisamehewa. Aliyekuwa na pa kuiweka alitoka na kicheko.

Mzigo wa shemeji uliposhushwa, bandari ilimpa siku chache za bure. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; huko jembe ni faini ya kontena kwa kila siku inayopita, nayo hupanda kadiri unavyochelewa. Lakini gharama iliyomnyima usingizi haikuwa kwenye karatasi ya bandari wala ya mzee. Tuseme kahawa yake ilimgharimu dola 7 kwa kilo, zote 134,400, na benki inamdai riba ya asilimia 9 kwa mwaka. Kila mwezi magunia yanapolala, yanakula dola 1,008 kabla hata ya kodi ya ghala. Miezi sita ni zaidi ya dola elfu sita. Bei zilikuwa zimepanda mno. Desemba 2024 arabika ya New York ilivunja rekodi iliyodumu tangu 1977. Wengi hudhani bei ikipanda mwenye kahawa anafurahi. Mwenye kahawa ya mkopo anahesabu usiku.

Kazi halisi ya ghala la kaskazini ni kukodisha muda. Mkaangaji wa Ghent anataka kahawa ileile Machi na Oktoba. Mibuni ya Mbozi huvunwa mara moja kwa mwaka. Kati ya hizo mbili kuna mwanya, na anayeumiliki mwanya ana neno katika bei. Wabrazili walilielewa hilo mapema. Mwaka 1906 mavuno yalitishia kuzama sokoni, na majimbo matatu yakakubaliana mjini Taubaté kwamba kahawa inunuliwe na izuiliwe. São Paulo ilikopa, ikanunua karibu magunia milioni nane, na jambo ambalo hunivutia kila ninapolisoma ni mahali ilipoyaweka: Hamburg, Antwerp, Le Havre na New York, kwenye maghala ya wateja wake, kama dhamana ya wakopeshaji. Mfanyabiashara Hermann Sielcken wa New York aliisimamia kazi hiyo. Bei ilipopanda, Wamarekani walikasirika, na mwaka 1912 serikali yao ilimfungulia Sielcken kesi ili magunia yaliyolala New York yaachiwe. Kesi ilikwisha baada ya kahawa kuahidiwa kuuzwa. Kahawa ilikuwa ya Brazil, kufuli ilikuwa ya mwingine.

Soko la New York bado linategemea kufuli hizo. Mkataba wake wa arabika unahusu kahawa iliyopimwa na kukubaliwa, ikakaa kwenye maghala yaliyoidhinishwa. Antwerp, Hamburg na Bremen zimo, na kahawa ya Tanzania, Kenya na Uganda hukubaliwa kwa bei ya msingi, bila nyongeza wala makato ya nchi. Kila siku idadi ya magunia hayo hutangazwa, na wachuuzi wa karatasi wanaitazama kama wavuvi wanavyotazama mwezi. Novemba 2023 ilishuka hadi takriban 224,000, chini kuliko wakati wowote katika zaidi ya miaka ishirini. Kahawa duniani ilikuwapo. Iliyokwisha ni ile ya kusubiri.

Kwetu neno stakabadhi ghalani limekuwa la kisiasa, na mkulima wa korosho wa Mtwara ana maoni makali juu yake kuliko mimi. Sheria ya mwaka 2005 ililenga jambo rahisi: mkulima aweke mazao, apewe karatasi, karatasi imsaidie kukopa, asiuze siku ya bei mbovu kwa sababu ya ada ya shule. Karatasi ya aina hiyohiyo ndiyo mzee wa Antwerp alimpa shemeji, na benki ikaipokea bila kuhoji. Nilijiuliza tofauti iko wapi. Sehemu ya jibu, nadhani, ni kwamba benki ile iliamini mizani ya mzee kuliko ilivyomwamini shemeji. Ghala likijulikana kwa uzito wa uongo, karatasi yake haitoshi kufungia hata karanga.

Na sasa karatasi zinaongezeka. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2023 dhidi ya ukataji misitu inataka kahawa iweze kufuatwa nyuma hadi kipande cha shamba ilikolimwa, na shamba hilo lisiwe msitu uliofyekwa baada ya 31 Desemba 2020. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini wenye maghala wamekwisha kuuhisi: mizigo isichanganywe, lebo isitoke, gunia la kikundi hiki lisilale juu ya gunia la kikundi kile. Kahawa ya kilimo hai ilikuwa hivyo tangu zamani. Ghala linaloihifadhi lazima nalo likaguliwe na kuwa na cheti. Nafasi iliyokuwa ikitosha mizigo kumi sasa inatosha saba, kwa sababu ya njia za kupita katikati. Hilo pia litaonekana kwenye orodha ya gharama.

Shemeji alichukua ghala la mzee. Kontena lilifika likiwa limechelewa siku nne, na kwa msisitizo wangu alikuwa ameandika kwa wakala wa meli kuuliza lile swali. Likajibiwa kwamba safari iliyotangulia lilibeba vigae. Mzee alitikisa kichwa kwa kuridhika, hata hivyo akaingiza kichwa ndani mlango ulipofunguliwa, akasimama kimya, akinusa, kwa muda ambao vijana wa foklifti walionekana kuuzoea. Karatasi za kaki darini zilikuwa na madoa ya maji. Magunia ya juu yalikuwa makavu.

Yalishushwa magunia 320, moja likiwa limepasuka mshono. Punje zilizomwagika zilifagiliwa, zikapimwa, zikatiwa kwenye gunia dogo lililoandikwa kwa kalamu nene kuwa ni ufagio. Kilo kumi na nne. Mzigo wa ufagio hauuzwi pamoja na mwingine, na kuulipia kodi ni upuuzi, kwa hiyo shemeji akaubeba nyumbani kwenye buti ya gari. Alikuwa na kikaangio kidogo cha majaribio, akasema hiyo itakuwa kahawa ya familia.

Nilirudi kumtembelea baada ya miezi miwili. Wateja wa Ghent walikuwa wameshachukua magunia tisini, na mmoja alikuwa ameandika kuulizia ya mwaka ujao. Dada yangu alitutengea kahawa sebuleni, kahawa ya ufagio, iliyokaangwa asubuhi ileile. Nilikunywa funda moja, nikaweka kikombe chini. Shemeji naye alikunywa, akatulia, akamtazama mkewe.

"Lile gunia uliliweka wapi?"

"Stoo," dada akajibu. "Pale chini, karibu na dagaa wa Kigoma alioleta mama."